Mbegu ya Marehemu Sila

Matembwe, Novemba 11

Leo Elius ameniambia kwamba mke wa mtu akiwa kwenye kikao cha ukoo anasikiliza, haulizi. Aliniambia tukiwa njiani kurudi nyumbani, kwa ile sauti ya chini anayoitumia akitaka nijue kwamba nimemwaibisha. Mimi ni mwalimu wa sayansi. Mchana kutwa kazi yangu ni kuwahimiza watoto wa watu waulize maswali. Basi nimenunua daftari hili pale dukani, na maswali yangu nitayaulizia humu.

La kwanza: kwa nini kikao cha kumjadili Janeth kilifanyika sebuleni huku Janeth mwenyewe akiwa jikoni anatupikia?

Sila, mdogo wake Elius, alifariki mwezi wa nane. Aliangukiwa na mti kule alikokuwa akikata mbao. Ameacha mke, ndiye huyo Janeth, na mtoto mmoja, Nelly, ambaye hata shule hajaanza. Ameacha pia shamba la mteremkoni, linaloelekea mtoni, ambalo kila mtu hapa anajua kuwa ndilo zuri kuliko mashamba yote ya ukoo. Leo shemeji Abrahamu, kaka yao mkubwa, mzee wa kanisa, alikohoa, akasema shamba ni la ukoo, lakini ukoo una huruma. Janeth atalima msimu huu, "tuone kama analiweza."

Wote wakaitikia. Fidelia, mke wa Abrahamu, alikuwa anaangalia sakafu kama kawaida yake. Miaka yote niliyoolewa hapa sijawahi kumsikia mwanamke yule akimaliza sentensi mbele ya mumewe.

Mimi nikauliza, "Na asipoliweza, shemeji?"

Hilo ndilo kosa langu.

Novemba 14

Mvua bado. Ukungu tu, na baridi ya kuvunja vidole.

Novemba 18

Niseme ukweli kwa kuwa hapa hakuna wa kunikanya: Janeth ananichosha. Anakuja kuomba chumvi, anakaa, analia, chumvi anaisahau. Najua amefiwa. Lakini jembe halishikwi na machozi. Nilimwambia leo, "Mama Nelly, mvua ikianza itakukuta umekaa hapa hapa kwenye kigoda changu." Akaniangalia kama niliyempiga kofi. Akaondoka.

Chumvi aliiacha tena.

Novemba 21

Mvua imenyesha tangu alfajiri, ile nzito ya kupandia. Shule nzima ilikuwa inanuka udongo.

Jioni mimi na Elius tulimkuta Abrahamu uani kwa Janeth na kigunia begani. Ilikuwa mbegu ya Sila mwenyewe. Kila mwaka Sila alikuwa akichagua mahindi kabla ya mavuno, akiwa bado shambani, anashika hindi moja moja: lenye mistari iliyonyooka, lililojaa hadi kwenye ncha. Aliyafunga kwa maganda yake na kuyaning'iniza juu ya meko katika jiko kubwa la Abrahamu, moshi uyakinge na wadudu. Mwaka huu aliyaning'iniza, akafa. Abrahamu ameyashusha, ameyapukuchua, amemletea mjane.

"Mbegu ya marehemu hii," alisema. "Aliichagua kwa mkono wake. Panda, Mama Nelly, jina lake lisimame."

Janeth alifungua kigunia akaingiza uso wake humo ndani. Hakulia. Alivuta pumzi tu, kwa muda mrefu. Nilimwonea haya Abrahamu kwa yale niliyomfikiria siku ya kikao. Nilimgeukia Elius nimwambie hivyo kwa macho, lakini alikuwa ameinama, anafunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imefungwa.

Novemba 23

Tumepanda. Sisi la kwetu, Janeth la kwake, ng'ambo ya kijia tu. Alitangulia kufika na akachelewa kuondoka. Kumbe jembe analijua vizuri. Mistari yake imenyooka kuliko yetu.

Novemba 27

Mvua. Kusahihisha mitihani. Mgongo.

Desemba 3

Yetu yameota. Kama sindano za kijani, kila moja imejikunja ndani ya ala yake. Kila mwaka nawafundisha watoto jambo hili na kila mwaka nikiliona shambani nasimama.

La Janeth bado.

Desemba 5

La Janeth bado. Mvua ile ile, udongo ule ule, upande wa pili wa kijia. Nilimuuliza alifukia kina gani. Akanionyesha kwa vidole. Nikamwambia hicho ni kina kirefu, umezizika, chipukizi limeishiwa nguvu huko chini kabla ya kuona jua. Nilisema kwa sauti kubwa, na wanawake wawili waliokuwa wanapita na kuni walisikia. Janeth akasema polepole, "Nilipanda kama alivyonifundisha Sila."

Desemba 7

Shule imefungwa. Kijiji kina habari moja tu: shamba limemkataa Janeth. Kwamba alishika mbegu kabla machozi hayajakauka. Kwamba mumewe hakufa hivi hivi. Dukani mtu mzima, mwenye ndevu, ameniuliza kama sisi hatuogopi kupokea chumvi mikononi mwake. Nikamwambia anayeomba chumvi ni yeye, sisi ndio tunaotoa. Nikaondoka nikiwa nimesahau mafuta ya taa niliyofuata.

Abrahamu hatumii maneno ya uchawi, yeye ni mzee wa kanisa. Yeye baada ya ibada alisema tu, mikono nyuma, "Ardhi haidanganyi." Kila mtu akamwelewa.

Desemba 9

Leo nimefukua.

Nilikwenda na Janeth asubuhi na kijiti cha kuchimbia. Nilitaka kumwonyesha kosa lake, huo ndio ukweli. Nilitarajia kukuta chipukizi nyeupe zimejipinda chini ya udongo, zimechoka njiani. Hiyo ndiyo alama ya mbegu iliyozikwa mno. Kama ni panya au ndege, ningekuta shimo tupu. Kama ni ukame, ningekuta kizizi kilichotoka kikanyauka.

Sikukuta chochote kati ya hivyo. Kila shimo lilikuwa na punje zake, pale pale alipoziweka, kina sahihi kabisa. Zilikuwa zimevimba na kulainika, zina ukungu wa kijivu, zinanuka kama chakula kilicholala. Hakuna hata moja iliyotoa kizizi. Tulitembea mstari kwa mstari tukifukua, na mwisho Janeth akakaa chini kwenye matope.

"Mwalimu," akasema, "mimi nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu," nikamwambia. "Na mimi nimekusema bure, mbele ya watu. Nisamehe."

Alikuwa anafuta udongo kwenye punje moja kwa kidole gumba, polepole.

Nikamuuliza kama alibakiza mbegu yoyote. Alibakiza bakuli moja, ya kurudishia mahali patakapokosa. Nimekuja nayo.

Desemba 10

Nimekaa mezani na wembe tangu Elius alipoondoka.

Punje ya hindi huwa naichora ubaoni kila mwaka. Nje kuna ganda. Ndani kuna ghala, unga ambao mmea utakula hadi upate majani ya kujilisha. Ghala lenyewe lina sehemu mbili: pembeni gumu linalong'aa, katikati jeupe na laini kama chokaa. Na chini, upande mmoja, pale pana kama alama ya kidole, ndipo kilipo kiini, ambacho ni mmea mzima uliolala: kizizi kinachotazama chini, chipukizi linalotazama juu, kila kimoja ndani ya ala yake, na ngao ndogo inayonyonya chakula ghalani. Maji yakiingia, kiini kinaamka. Unga bila kiini ni chakula tu. Kiini kikifa, umepanda ugali.

Nilipasua punje ya kwetu: kiini cheupe cha manjano kidogo, kimebana, kina mafuta ukikikwaruza. Ghala lina chokaa yake katikati.

Nilipasua punje ya Janeth. Kiini cha rangi ya kahawia, kimesinyaa, kikatoka chenyewe kama gamba la kidonda. Na ghala halikuwa na chokaa. Lote, katikati hadi pembeni, lilikuwa kama kioo chafu. Nikapasua nyingine. Nyingine. Zote.

Nikafikiri ni moto. Labda meko ya Abrahamu yalizidi, mahindi yakaungua juu kule. Nikakausha punje chache za kwetu kwenye kikaango mpaka zikabadilika. Nikapasua. Kiini kilikuwa kimekufa, ndiyo, lakini chokaa ilibaki nyeupe. Moto mkavu haukufanya kile kioo.

Ndipo nikakumbuka kande. Kande zilizobaki jana yake, mahindi ya kuchemsha, zikakaukia sufuriani.

Nikachemsha punje za kwetu. Nikazianika kwenye bati juu ya jiko mpaka zikakauka kabisa, zikawa nzuri, mtu angezinunua. Nikapasua.

Kioo.

Desemba 10, jioni

Siwezi kupika.

Mahindi hayajichemshi. Hindi lililoning'inia juu ya meko halishuki lenyewe likaingia sufuriani, likatoka, likajianika, likajitia guniani. Mtu aliyachemsha. Alichukua mbegu ambayo Sila aliishika kwa mikono yake, akaiua, akaikausha vizuri ionekane hai, akamkabidhi mjane wake, na akamwambia jina lake lisimame.

Na alisimama pale akatazama mwanamke yule akiweka uso ndani ya gunia.

Desemba 11

Nilimwonyesha Elius punje, yetu na yake, bega kwa bega kwenye sahani. Hakuinama kutazama.

"Mama Jeni, achana na mambo hayo."

"Mambo gani?"

"Hayo ya kupasua pasua. Kaka amechukua mzigo wa familia nzima hii. Unataka kumwita mwuaji kwa sababu ya mahindi?"

"Mimi sijamtaja kaka yako," nikasema. "Wewe ndiye umemtaja."

Akavaa koti akatoka kwenye mvua.

Desemba 12

Mvua. Hatusemezani.

Desemba 14

Gari dogo limesimama kwenye kijia mchana. Vijana wawili wakashuka na kamba ya kupimia, wakaingia shamba la Janeth kana kwamba lina mlango wazi. Nikawafuata. Wakanijibu kwa adabu tu: wanapima kwa ajili ya miche ya parachichi, wametumwa na Mzee Silvesta wa Makambako, anakaa Lyamkena. Hawajui zaidi.

Janeth alikuwa amesimama barazani, Nelly mgongoni. "Wanapima kaburi langu," alisema. Safari hii sikumwona kama mtu wa kulialia. Nilimwona kama mtu ambaye amekuwa akisema kweli muda wote, mimi nikisikia kilio tu.

Desemba 17

Nimetoka Makambako. Nilimwambia Elius nakwenda Njombe kufuata mambo ya ofisi ya elimu. Nilifika Njombe, na ofisi nikaipita, nikapanda gari la Makambako.

Nilimpata Silvesta kwenye ghala lake, anasimamia watu wanaochambua parachichi kwenye makreti. Mnene, mpole, ana kikohozi. Nilijitambulisha kuwa mke wa Elius, shemeji yake Abrahamu. Akafurahi. Akaagiza niletewe chai.

"Karibu sana, Mwalimu. Shamba lenu ni zuri. Nilikuwa na hofu moja tu, nayo imeisha."

"Hofu gani, mzee?"

"Yule mama mjane. Mimi sinunui ugomvi. Nilimwambia Abrahamu tangu mwezi wa kumi, huyo mama atakuwa humo ndani na mahindi yake, nitamtoaje? Akaniambia, 'Usiwe na wasiwasi, mwaka huu humo hakitaota kitu. Ataondoka mwenyewe.' Na kweli nasikia hakikuota!"

Alicheka. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe kwa mikono miwili.

"Alikwambia mwezi wa kumi," nikasema. "Kabla ya mvua."

"Mwezi wa kumi, ndiyo. Tulikuwa hapa hapa."

"Mzee Silvesta, mkulima gani anajua mwezi wa kumi kwamba mbegu itakayopandwa mwezi wa kumi na moja haitaota?"

Kicheko kilimwisha usoni polepole. Akaweka parachichi alilokuwa analibonyeza. Akakohoa.

"Mwalimu," akasema, "mimi niko mbali na hayo. Niondoe humo."

"Ukiitwa barazani kijijini utasema hayo maneno?"

"Nikiitwa," alisema, na akaangalia pembeni.

Sidhani kama atakuja. Lakini nimesikia. Njia nzima ya kurudi nilikuwa natazama mashamba ya watu yaliyoota, kijani mlima hadi mlima, na nilikuwa na hasira na kila jani.

Desemba 19

Elius ameniuliza ofisi ya elimu walisema nini. Nikamwambia walisema mwaka huu humo hakitaota kitu. Alibadilika rangi.

Desemba 21

Fidelia amekuja.

Abrahamu alikuwa kwenye kikao cha kanisa cha maandalizi ya Krismasi. Alikuja na kikapu cha viazi, akasimama mlangoni, maji ya mvua yanamtiririka puani.

"Kamwene, Mama Jeni."

"Kamwene, Mama Timoth. Ingia basi."

Hakuingia. Akasema, "Nilichemsha mimi."

Nilimvuta kwa mkono mpaka ndani. Akakaa kwenye kigoda kile kile cha Janeth. Akaniambia yote, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia sauti yake ikienda umbali huo bila kukatwa. Abrahamu mwenyewe alishusha mahindi ya Sila, akayapukuchua, akamwambia aweke sufuria kubwa, ile ya misiba. Alimwambia mbegu imeingiwa na wadudu, maji ya moto yatawaua.

"Nikamwambia, baba, mbegu ikichemka inakufa. Akaniuliza nimesomea wapi kilimo. Alisimama pale pale mpaka maji yakatokota. Kisha tukaanika kwenye turubai nyuma ya nyumba, mimi nikigeuza kwa mikono. Aliniambia nikifungua mdomo nirudi kwetu Tandala."

Nilitakiwa kumshukuru. Badala yake nilimpigia kelele. Nilimuuliza alikuwa wapi Janeth alipokuwa anapanda, alikuwa wapi watu walipomwita mchawi, alikaaje kanisani mstari mmoja naye huku akijua.

Alingoja nimalize.

"Wewe una mshahara, Mwalimu," akasema. "Ukifukuzwa hapa, kesho una nyumba ya shule. Mimi nina mlango mmoja tu, na funguo anayo yeye."

Tulikaa tunasikiliza mvua kwenye bati.

"Sasa kwa nini umekuja?" nikauliza hatimaye.

"Jana Nelly alikuja kwangu kuomba mahindi ya kuchoma. Nikamwambia bado hayajakomaa. Akasema, 'Ya kwetu hayatakomaa, mama anasema yamelala.' " Alifuta uso kwa khanga. "Mtoto wa Sila. Nikaona nikinyamaza tena nitaoza kama zile punje."

Desemba 25

Krismasi. Abrahamu ndiye aliyesoma Neno. Nilitoka nje.

Januari 4

Janeth amepeleka shauri kwenye baraza la ardhi la kijiji. Alikwenda peke yake. Nilitaka kumsindikiza, akasema, "Hapana, Mwalimu. Wakikuona watasema ni maneno yako." Yuko sahihi. Mwanamke huyu niliyekuwa nampimia machozi.

Januari 9

Baraza lilikaa leo, asubuhi, kwenye ofisi ya kijiji. Watu walijaa mpaka madirishani. Silvesta hakuja, kama nilivyojua, na mwenyekiti akasema maneno ya mtu asiyekuwepo hayapokelewi.

Janeth alieleza kwa maneno machache. Abrahamu akajibu kwa mengi. Alizungumzia marehemu, alizungumzia ukoo, alizungumzia jinsi alivyobeba mbegu begani kwake mwenyewe kwenye mvua kumpelekea mjane. Sauti ilimtetemeka mahali panapostahili. Niliona akina mama wawili wakifuta macho.

Nikaitwa. Nikaweka sahani mezani: punje zetu, punje za Janeth, punje nilizochemsha mwenyewe. Nikapasua mbele yao. Nikaeleza kiini, nikaeleza ghala, nikaeleza kioo. Mmoja wa wajumbe, babu mmoja, akaweka miwani, akatazama, akatoa miwani.

"Mwalimu," akasema, "hili ni somo la darasa la tano."

Watu wakacheka. Abrahamu naye alitabasamu, kwa huruma, kama mtu anayemsamehe mtoto. Mwenyekiti akasema hata kama mbegu ilichemshwa, nani anajua ilichemshwa na nani? Jikoni kwa Janeth pia kuna sufuria.

Nilimtafuta Elius kwa macho. Alikuwa ameegemea ukuta wa nyuma, anatazama mikono yake.

Ndipo Fidelia akasimama.

"Kaa chini," Abrahamu alisema, bila hata kugeuka.

"Sikai."

Alikaza khanga kiunoni.

"Sufuria ni ya kwangu," Fidelia akasema. "Ile kubwa ya misiba. Wengi wenu mmekula kutoka humo. Nilichemsha mbegu ya Sila humo, na huyu mume wangu amesimama mlangoni ananiangalia. Tuliianika kwenye turubai nyuma ya nyumba. Mama jirani aliniuliza, mbona unaanika mahindi yaliyolowa, nikamwambia ni ya kande. Jirani, uko hapo?"

Kutoka dirishani sauti ya mwanamke ikajibu, "Niko. Aliniambia ni ya kande. Mimi nikashangaa, kande zote hizo?"

Abrahamu aligeuka sasa. Sijawahi kuona uso ukivuka hatua nyingi upesi hivyo: hasira, kisha hesabu, kisha unyonge. Akakaa. Akasema shetani alimpitia.

"Shetani hakuja jikoni," Fidelia akasema. "Ulikuja wewe."

Mwenyekiti akamwita Elius. Akamuuliza kama alijua. Elius aliuacha ukuta, akasogea mbele.

"Kaka aliniambia shamba litakuwa mikononi mwetu kabla ya Pasaka," akasema. "Na kwamba nami nitapata fungu langu la miche. Siku alipoleta gunia, nilihisi. Sikuuliza."

Sikuuliza. Miezi miwili ananikemea kwa kuuliza.

Baraza limesema shamba ni la Janeth na mwanawe, lisiuzwe wala kupimwa na mtu yeyote bila yeye. Abrahamu atawalisha Janeth na Nelly kwa mahindi yake mwenyewe, kutoka mavuno haya mpaka watakapovuna ya kwao. Nilipaswa kufurahi. Nilikwenda nyuma ya ofisi nikaosha sahani yangu kwa maji ya mvua.

Januari 10

Nimehamisha godoro langu chumbani kwa mwanetu Jeni.

Januari 12

Sijawahi kukasirika namna hii, hata siku ya wembe sikukasirika hivi.

Leo kanisani Abrahamu aliitwa mbele. Ameondolewa uzee wa kanisa, sawa. Kisha Mchungaji akahubiri msamaha. Kisha akamwita Janeth mbele ya usharika wote, akamwomba ampe Abrahamu mkono. Siku tatu tu zimepita! Mwanamke huyu walimwita mchawi mwezi mzima na hakuna aliyemwita mtu yeyote mbele. Hakuna aliyesimama kuomba radhi kwake. Sasa ana dakika moja ya kutusafisha sote, ili tukale mchana kwa amani.

Abrahamu alinyoosha mkono. Macho yamelowa. Kanisa zima lilikuwa linamsukuma Janeth kwa pumzi zake, nilisikia mtu nyuma yangu akinong'ona, "Mpe, mpe."

Janeth aliutazama ule mkono. Hakuonyesha chuki.

"Mchungaji," akasema, "mkono huo ndio ulionipa gunia. Niliupokea kwa heshima. Leo siwezi. Siku nikiweza, nitakwenda nyumbani kwake mwenyewe, hakuna haja ya kanisa kujaa."

Akarudi kukaa. Watu wakaguna. Fidelia akasogea kwenye benchi, akampisha nafasi karibu naye.

Nilitamani kupiga makofi.

Januari 20

Shule imefunguliwa. Mahindi yetu yamefika magotini. Sitaki kuyaona.

Februari 3

Elius amejaribu kusema nami. Alianza na "Unajua kaka tangu zamani..." Nikamwambia aanze na neno lingine. Hakulipata.

Februari 22

Muda wa mahindi umepita, lakini wa ngano haujapita. Janeth amepata mbegu kwa shangazi yake. Kabla hajaingiza jembe aliniletea kiganja kimoja, akanyoosha mkono. Nilitia punje kwenye kitambaa kibichi, nikakunja, nikaweka karibu na jiko. Alisema, "Sijakushuku wewe, Mwalimu, wala shangazi." Nikamwambia, "Shuku. Una haki."

Februari 26

Nilikunjua kitambaa mbele yake. Punje ya ngano haitoi kizizi kimoja kama hindi. Inatoa vitatu kwa pamoja, vyeupe, vina manyoya laini, vinatawanyika kama vidole vinavyotafuta pa kushika. Zilikuwa zimeota karibu zote. Janeth alizihesabu hata hivyo, moja moja. Kisha akazihesabu tena.

Machi 1

Tumepanda. Janeth, Fidelia na mimi. Abrahamu hamzuii tena Fidelia kutoka. Sijui ni aibu au ni woga, na sina haja ya kujua. Fidelia anaongea sasa. Anaongea sana, kusema kweli. Amezungumza mstari wote wa kwanza hadi wa mwisho, habari za Tandala, za mama yake, za mbuzi mmoja aliyekuwa mwizi. Janeth alicheka kwa sauti.

Machi 4

Mvua nzuri.

Machi 11

Shamba la mteremkoni limeota.

Nililiona kutoka shuleni, ng'ambo ya bonde, wakati wa mapumziko: weupe wa ukungu, chini yake kijani chembamba, kama pumzi. Baada ya kengele nilishuka moja kwa moja, sikupita nyumbani. Janeth na Fidelia walikuwa wanang'oa magugu pembeni. Nelly alikuwa ameinama kwa mikono na magoti, pua karibu iguse ardhi, anatazama jani likiwa bado na tone la maji kwenye ncha.

Nikaingia nao kwenye magugu. Baadaye niliinua kichwa nikamwona Elius kwenye kijia. Alikuwa na jembe. Alisimama pale ukingoni, kwenye mvua nyepesi, hakuingia.

Janeth alimwona. Fidelia alimwona. Wote wawili wakaniangalia mimi.

Nilifikiri kumwita. Nilifikiri pia kumwambia aondoke. Hasira ipo bado, nzima, haijapungua hata kidogo, na nimegundua kwamba siionei haya. Nilimtazama mpaka yeye akainamisha macho.

"Shamba si langu," nikamwambia. "Mwulize mwenye shamba."

Alishusha jembe chini. Kisha, kwa sauti ambayo karibu isisikike, mbele ya wanawake watatu na mtoto, mume wangu akauliza.

Janeth hakuharakisha kumjibu.